Upepo wa Kwenye Skrini

“Maandishi hayasomeki,” alisema Bosi, amesimama nyuma ya kiti cha mfanyakazi wake, kikombe cha chai mkononi. “Vumbi lako ni zuri, tena limezidi uzuri, lakini linamla mteja jina. Sijapata kumwona mteja aliyefurahi kuliwa jina.”

Msichana aliyeketi mbele ya skrini alicheka kidogo, akasogeza uso karibu na kioo. Pale studio hakuna aliyemwita kwa jina la nyumbani. Wote walimwita Chembe, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuzalisha chembe kwa maelfu ndani ya kompyuta, kisha kuzifanya ziwe mvua, cheche, kundi la ndege, au, kama mchana huo, vumbi linalofuka kutoka katika mtambo wa kusaga kokoto. Hakuchora hata punje moja kwa mkono. Alichokifanya ni kupanga masharti. Alitumia programu-jalizi, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya ile kubwa, nayo ilimpa uwanja mpana wa vijisanduku vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba. Kila kijisanduku walikiita nodi, na kila nodi ilikuwa na amri yake. Moja ilizaa chembe, nyingine ikazipa uzito, nyingine ikazipangia umri wa kuishi kabla ya kufifia, na nyingine ilikuwa upepo. Ukigusa moja, zote zinazoifuata hubadili mwenendo papo hapo. Chembe aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote. Aliona ndani yake kitu kinachokaribiana na uadilifu: huwezi kuilazimisha punje moja ikae unapotaka wewe, unatunga sheria, kisha unakubali matokeo.

Video yenyewe ilikuwa fupi. Kampuni moja ilitaka kujenga mtambo wa kokoto pembeni mwa mtaa wa makazi, na kabla ya jiwe la kwanza kusagwa, wakazi walipaswa kukutana na kukubali au kukataa. Kampuni ikaagiza picha zinazotembea ziwaeleze watu jinsi jiwe linavyoingia, linavyopondwa, linavyochekechwa, na jinsi maji yanavyonyunyizwa ili kupunguza vumbi. Mtambo ulikaa kushoto mwa picha, nyumba zikakaa kulia, na juu ya nyumba hizo, kwa herufi nyeupe, likakaa jina la kampuni. Mtaa huo Chembe aliufahamu kama kiganja chake, maana ndiko dada yake wa tumbo moja alikokuwa akiishi. Nyumba alizijenga kwa kumbukumbu. Paa moja alilipaka buluu makusudi, kwa kuwa ndilo la dada, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeficha peremende mfukoni mwa mtoto.

“Nihamishie maandishi kushoto?” aliuliza.

“Thubutu! Mteja amesema jina likae kulia juu, lisihame hata kwa dawa. Cheza na vumbi.”

Akacheza na vumbi. Aliifungua nodi ya upepo, akakishika kile kiduara cha mwelekeo, akakizungusha hadi kikatazama upande wa pili. Vumbi lililokuwa likipita juu ya mapaa lilisita, likajikunja kama shuka linalokung'utwa, kisha likaanza kumiminika kushoto, kuelekea bonde la vichaka ambalo yeye mwenyewe alilipachika pale ili pasibaki patupu. Herufi nyeupe zikang'aa.

“Hapo sasa!” Bosi alimgonga begani. “Umeona? Picha imepata kupumua.”

Ilikuwa imepata kupumua kweli. Chembe akaiamuru kompyuta ianze kurenda, yaani kuichora video nzima picha moja baada ya nyingine, akanyoosha mgongo, akaenda zake kula. Jambo la upepo halikumrudia tena kichwani.

Halikumrudia mpaka Jumamosi, alipokwenda kumsalimia dada yake. Dada alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilikuwa nusu nyumba, nusu karakana: vitambaa juu ya makochi, sare za shule zilizokatwa bila kushonwa, na mashine iliyonguruma karibu na dirisha ili ipate mwanga. Kabla hajavua viatu, Chembe alirukiwa kiunoni na mtoto wa dada yake, ambaye kwa wingi wa maneno walimbandika jina la Kasuku.

“Mama mdogo! Nimeiona nyumba yetu kwenye simu! Ina paa letu! Lakini mimi simo.”

“Umo. Umelala ndani.”

“Mchana silali mimi. Kwani uliniweka nikiwa naumwa?”

“Ukilala wewe, mtaa mzima utafanya sherehe,” alisema dada bila kuinua mguu kwenye mashine. “Mwache mama yako mdogo aketi. Shikamoo yenyewe hujatoa.”

Kasuku alitoa shikamoo kwa pumzi moja, kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kile kile cha siku zote, kifupi, chenye mluzi ndani yake, na mkono wa dada ulikwenda wenyewe, bila macho kuufuata, kwenye bomba dogo la dawa ya pumu lililokaa kati ya nyuzi na mikasi. Mtoto alivuta, akashikilia pumzi, mashavu yamejaa kama anayepuliza puto, akaachia. Halafu akaendelea na hadithi yake pale pale alipoikatia.

Dada alisimamisha mashine. “Ile video wameisambaza kwenye kundi la mtaa. Mhandisi wao ameandika na maneno yake: kama mnavyoona, vumbi litaelekea bondeni, halitagusa makazi.” Alimtazama mdogo wake kwa upole ambao Chembe hakuwa ameuona kwa muda mrefu. “Nikwambie kweli? Nilikuwa nimekaza msuli. Wanawake wa upande wetu wote nilikuwa nimewashika, tukakubaliana kukataa, tena kwa kelele. Unakijua kifua cha huyu. Lakini nilipoiona, nikawaambia, jamani, kazi hii ni ya mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, hawezi kunipaka matope machoni. Kama vumbi linakwenda bondeni, basi acha vijana wapate kazi. Nimelala usingizi, mdogo wangu. Usingizi wa kweli.”

Macho ya Chembe yalikwenda dirishani, yakapita juu ya bati la jirani, yakafika kwenye kilima cha mawe kule ng'ambo, karibu kuliko alivyokuwa amekiweka kwenye picha.

“Huyo mhandisi,” alisema taratibu, “amewaambia walipima upepo?”

“Si mmeuonyesha? Kwani mnaonyesha bila kupima?”

“Nitauliza,” alisema Chembe. “Acha nikaulize kwanza.”

“Uliza nini tena? Kaa ule.”

Alikaa, akala, wala hakujua alichokula. Neno lilikuwa pale, dogo, rahisi: upepo niliugeuza mimi. Lakini uso wa dada ulikuwa umetulia kama uso wa mtu aliyetua mzigo, na Chembe hakuwa na ujasiri wa kumtwisha tena akiwa hana la kumpa badala yake. Alijiambia kwamba angelinyoosha jambo hilo studio kwanza. Alijiambia hivyo njia nzima, na njia nzima hakujiamini.

Jumatatu asubuhi alimkuta Bosi akifuta vumbi kwenye spika. Alimweleza yote, na alipomaliza, Bosi aliendelea kufuta spika ile ile.

“Uliambiwa upepo wa pale unavuma wapi?”

“Sikuambiwa.”

“Uliuliza?”

“Sikuuliza.”

“Basi hukudanganya. Mtu hudanganya anachokijua.” Aliirudisha spika mahali pake. “Sikiliza, Chembe. Sisi ni wapambaji. Hakuna mpambaji wa harusi aliyewahi kuulizwa kama ndoa itadumu.”

“Lakini mpambaji akiziba mlango wa kutokea kwa maua, Bosi, na moto ukawaka, ataulizwa.”

“Chuo ulikosoma kimekuharibu,” alisema Bosi, ingawa sauti yake haikuwa na hasira. “Unataka nini? Turudishe upepo wa kwanza, jina la mteja lizikwe?”

“Nataka tuweke sentensi moja chini: mwelekeo wa upepo kwenye picha hii haukupimwa.”

“Nitampigia mteja.”

Alimpigia mbele yake, akaeleza vizuri, hata kwa kumtetea Chembe. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akiitikia “ndiyo, mkuu”, “naam, mkuu”, huku akikuna kichwa. Alikata simu, akaiweka mezani.

“Wamekataa. Wanasema sentensi hiyo itawatia watu hofu bure. Na siku ya mkutano wanataka mtu wetu aendeshe projekta.” Alimkazia macho. “Utakwenda wewe, kwa kuwa mimi nina kazi nyingine. Utabonyeza, utanyamaza. Nakuomba kama kaka yako. Mteja huyu akiondoka, ataondoka na wenzake.”

Chembe alirudi kwenye kiti chake, akaufungua ule uwanja wa nodi, akakaa akiuangalia. Alitaka kujua jambo moja: kabla hajaugeuza, upepo ulikuwa ukivuma kuelekea kwenye nyumba. Nani aliuelekeza huko? Alifuatilia uzi baada ya uzi mpaka akafika kwenye nodi ya upepo, akaifuta, akaweka mpya isiyoguswa na mtu. Mshale wake ulitazama kulia. Hivyo ndivyo waliotengeneza programu, watu ambao huenda hawajaliona jiwe la mtaa ule hata kwenye ndoto, walivyoamua kwamba upepo wote duniani uanze. Basi hata vumbi lile la kwanza, lililopita juu ya paa la buluu, halikujua lolote. Alikuwa na picha mbili mkononi, na hata moja haikuwa kweli. Ugunduzi huo ulimkosesha raha kuliko kosa lenyewe, maana kosa lina marekebisho, na hili hakuona litarekebishwa na nini.

Mkutano ulifanyika alasiri katika ukumbi wa shule. Madirisha yalizibwa kwa mapazia na maboksi ili picha ionekane, na joto likawakaba watu mpaka wakageuza kila karatasi iliyokuwepo kuwa pepeo. Mwenyekiti wa wakazi, mama mstaafu aliyefanya kazi ya uuguzi maisha yake yote, alikaa mezani na kengele ndogo mbele yake. Kando yake alikaa mhandisi wa kampuni, mwanamume mpole, mwenye shati lililonyooshwa na sauti ya kubembeleza, ambaye alimpokea Chembe kwa mikono miwili na kumtafutia mwenyewe waya wa umeme. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya.

Dada alikaa mstari wa mbele pamoja na wanawake wa upande wake, Kasuku mapajani. Alimpungia mdogo wake mkono kwa fahari, kisha akamnong'oneza jirani, na jirani naye akapunga.

Video ikachezwa. Jiwe likaingia, likapondwa, likachekechwa. Vumbi likainuka kwa madaha, likapinda, likaelekea bondeni. Watu waliguna kwa kupendezwa. Ulikuwa uzuri ambao Chembe aliwahi kuutamani, na sasa alishindwa kuutazama.

“Kama mnavyoona wenyewe,” alisema mhandisi, “vumbi kidogo litakalobaki litaelekea upande usio na watu.”

“Nani ana neno?” aliuliza mwenyekiti.

Dada alisimama, akambeba Kasuku kiunoni. “Mimi mnanijua. Mimi ndiye niliyewaambieni tukatae. Sasa nasema…”

“Mwenyekiti,” Chembe alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyuma ya projekta, “naomba nafasi.”

Mwenyekiti alishusha miwani. “Wewe si wa mitambo, binti? Kuna hitilafu?”

“Ndiyo, mama. Hitilafu ipo.”

Mhandisi aliinuka nusu, mkono umeelekea kwenye nyaya, akidhani ni jambo la umeme. Chembe aliifunga video, akaifungua ile kazi yenyewe. Ukutani vikatokea vijisanduku na nyuzi zake, na kando yake mtaa, mtambo, na paa la buluu. Alikuwa amepunguza wingi wa chembe ili kompyuta isielemewe, kwa hiyo vumbi lilionekana jembamba, la kusuasua, halina tena ule urembo.

“Vumbi hili nimelitengeneza mimi,” alisema. “Kila kijisanduku hapa ni amri yangu. Hiki ni upepo. Mwanzoni ulivuma huku.” Akakizungusha kiduara.

Vumbi likageuka. Lilipanda juu ya mapaa, moja baada ya jingine, likalifunika jina la kampuni, likalala juu ya lile la buluu. Ukumbi ukalipuka.

“Walituficha!”

“Si nilisema mimi? Nilisema!”

“Mnatuona sisi wajinga?”

“Ndiyo hiyo!” Dada alikuwa bado amesimama, sauti juu kuliko zote, mtoto akimng'ang'ania shingoni. “Hiyo ndiyo kweli! Mdogo wangu ameitoa! Tukatae sasa hivi, mikono juu!”

Mikono ilianza kuinuka, mingi, na Chembe alijua kwamba akikaa kimya tu, bila kusema hata silabi moja, jambo lingekwisha pale pale, kwa upande wa dada yake, kwa upande wa kile kifua chenye mluzi. Hakuhitaji kudanganya. Alihitaji kunyamaza, na tayari alikuwa na uzoefu wa kunyamaza.

“Hapana,” alisema. “Hiyo nayo si kweli.”

Hawakumsikia. Mwenyekiti alipiga kengele mpaka mkono ukamchoka. Chembe alikishika kiduara tena, akakizungusha polepole, bila kukiachia. Vumbi likarudi bondeni, likaja mbele kana kwamba litawamwagikia watu wa mstari wa kwanza, likaenda nyuma ya kilima, likapanda wima kama moshi wa jiko, likarudi kwenye nyumba. Mikono iliyoinuliwa ilianza kushuka, mmoja mmoja. Mtu fulani alicheka kicheko kikavu.

“Linakwenda ninapolielekeza,” alisema Chembe. “Upepo wa kwanza uliwekwa na waliotengeneza programu. Wa pili niliuweka mimi, kwa sababu vumbi lilikuwa linaziba maandishi. Sikupima chochote. Hakuna aliyenipa kipimo.”

“Mnaona, ndugu zangu?” Mhandisi alisimama kwa utulivu, hata kwa huruma. “Binti mwenyewe anakiri hajui. Sasa tusimsumbue, turudi kwenye hoja.”

“Sijui,” Chembe alimgeukia. “Lakini na wewe hujui, kaka. Ungejua, ungeniambia. Mlichoagiza kwetu ni jina lisomeke.”

Mwenyekiti aliweka kengele chini. “Mhandisi, swali la mtu mzima asiye na haraka. Upepo wa pale kilimani mmeupima?”

“Vipimo kamili hufanyika baada ya kibali, mama.”

“Baada!” Sauti kadhaa zililidaka neno hilo, zikalirushiana kama mpira. “Baada! Tukishakohoa!”

Katika kelele hizo dada alikuja mpaka kwenye meza ya projekta. Alimshika Chembe kifundo cha mkono, si kwa nguvu, kama alivyomshika zamani wakivuka barabara.

“Nitazame,” alisema chini kwa chini. “Wote wako mkononi mwangu leo. Sema tu ile ya vumbi kuja kwetu ndiyo kweli. Neno moja, mdogo wangu. Sikuombi kingine.”

“Dada, sijui kama ndiyo kweli.”

“Kwani nani anajua? Yeye mbona hajui na anasema? Kwa nini sisi tu ndio tuwe wakweli?”

Kasuku alikuwa akiwatazama kwa zamu, mdomo wazi.

“Sijui,” alirudia Chembe, machozi yakimlenga. “Nikisema najua, nitakuwa nimefanya kile kile.”

Vidole vya dada viliachia.

Kijana mmoja kutoka nyuma, aliyevaa ovaroli ya gereji, alipaza sauti. “Sasa sisi tunaotafuta kazi tumfuate nani? Yule anayejua bila kupima, au huyu anayekiri kwamba hajui?” Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho kilikuwa na uchovu ndani yake. Mwenyekiti alikitumia. Alisema hawezi kuwaomba watu waamue juu ya mapafu yao kwa kutazama urembo, akapendekeza uamuzi uahirishwe mpaka upepo upimwe, na mpimaji achaguliwe na wakazi, si kampuni. Mhandisi alipinga kwa adabu. Wengine walipinga bila adabu, kutoka pande zote mbili. Mikono ilipohesabiwa, waliotaka kungoja walizidi, lakini hawakuonekana kama watu walioshinda. Walionekana kama abiria walioambiwa wasubiri gari jingine.

Dada hakuinua mkono.

Simu ya Chembe ilianza kulia kabla hajamaliza kukunja nyaya. Alilitazama jina la Bosi likiwaka na kuzimika, likiwaka na kuzimika. Mhandisi alikuwa tayari ameshaongea naye. Alikuwa amemwona kitambo nje ya mlango, simu sikioni, akizungumza kwa ile ile sauti ya kubembeleza. Chembe aliiacha simu yake ilie mpaka ikanyamaza. Alijua ataipokea jioni, alijua pia atakachoambiwa, na hakuona kosa la Bosi ndani yake. Bosi alikuwa amemwomba kama kaka.

Alimkuta dada uani, akimfunga Kasuku kamba za viatu, amechutama, kichwa chini.

“Dada.”

“Jumamosi ulikuwa unajua?”

“Ndiyo.”

“Ukakaa mezani kwangu ukala.”

“Nilitaka nirekebishe kwanza, ndipo…”

“Jumamosi ulinidanganya kwa kunyamaza,” alisema dada, bado akishughulika na kamba, “na leo ukaninyima uongo mmoja tu. Mpimaji atakuja. Atakuja siku ya utulivu, au siku aliyopangiwa na kampuni. Wale wanawake leo walikuwa moto. Mwezi ujao kila mmoja atakuwa na mambo yake. Mimi nawajua. Wewe unayajua yale madude yako ya ukutani.” Alisimama. “Sisemi umekosea. Labda hujakosea. Lakini nikirudi nyumbani nakwenda kulala na kifua hiki sikioni, si chako.”

“Nitakuja kusimamia kipimo. Kila siku, dada. Nitajifunza kinavyofanywa.”

Dada alimtazama kwa muda, kama mtu anayekadiria kitambaa kama kitatosha. Watu walikuwa wakipita kando yao kuelekea getini, wakibishana, wakikokota miguu, na vumbi lililoinuliwa na viatu vyao lilifika magotini, likasita, likatua pale pale. Alasiri ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi.

“Mama mdogo,” Kasuku aliuliza, “kwa hiyo ile yenye nyumba yetu, umeifuta?”

“Bado.”

“Usilifute paa letu.”

“Twende,” dada alisema, akamvuta mtoto mkono.

Chembe alibeba begi la kompyuta bega moja na kasha la projekta mkono wa pili, akawafuata kwa hatua kadhaa nyuma. Dada hakumngoja, wala hakumwambia arudi.